Cheche haiendi mbele wala nyuma

Mwezi uliopita nililetewa mswada wa kurasa 200 na ushei, mwongozo wa ufundi wa magari uliotafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya vijana wanaojifunza kazi gerejini. Mchapishaji alinitaka niupitie kwa jicho la lugha tu. Mambo ya spana na nati, alisema, yameshaangaliwa na wenyewe. Niliusoma kwa furaha hadi sura ya saba, inayohusu injini zilizoongezewa nguvu: jinsi ya kupima mafuta yanayopuliziwa ndani na jinsi ya kupanga wakati wa cheche kuwaka. Hapo nikakuta agizo kwamba anayetaka nguvu zaidi ausogeze mbele muda wa mwako kwa digrii nne.

Nikaweka kalamu chini. Sentensi ya namna hiyo iliwahi kuugharimu ukoo wangu injini nzima, na aliyeitamka nilikuwa mimi.

Kabla sijasimulia, acha nieleze kidogo mambo ya ndani ya injini, maana msomaji asiyejua yanayotendeka mle ataona nimeshikilia kijineno. Katika injini ya petroli, pistoni hupanda ikiugandamiza mchanganyiko wa hewa na mafuta, kisha plagi hutoa cheche, mchanganyiko ukawaka na pistoni ikasukumwa chini. Mtu angedhani cheche hutolewa pistoni ikifika juu kabisa. Sivyo. Moto huchukua muda kuenea ndani ya silinda, kwa hiyo cheche lazima iwake mapema kidogo, pistoni ikiwa bado inapanda, ili msukumo mkubwa uje pistoni ikiwa imeanza kushuka. Umapema huo hupimwa kwa digrii za mzunguko wa krenki. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, krenki hupita digrii 18,000 kila sekunde. Digrii sita, basi, ni sehemu moja ya 3,000 ya sekunde. Cheche ikichelewa kwa kiasi hicho, gari huwa zito na mafuta huteketea bure. Ikiwahi mno, mchanganyiko unaosubiri moto hubanwa na kupashwa joto hadi ukalipuka wenyewe kabla ya kufikiwa, na mlipuko huo huipiga pistoni kama nyundo.

Ndiyo maana katika kazi hii kila neno la wakati lina uzito wa chuma.

Sasa kisa. Mpwa wangu alikuwa na Toyota Corolla ya miaka ya 1990, yenye injini ya 4A-FE. Wapenzi wa magari wanaijua. Inapulizia mafuta kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta, lakini bado ina distribyuta inayozungushwa kwa mkono kupanga taimingi ya msingi. Kiwandani taimingi hiyo huwekwa digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Mpwa wangu ni wa kizazi kilichokulia kando ya barabara kutazama Safari Rally, kizazi kilichomwona Colin McRae akishinda mwaka 1997 kwa Subaru Impreza, na tangu siku hiyo wengi wao hawakuridhika na gari lililotoka kiwandani likiwa vile lilivyo. Basi akalipeleka kwa fundi mmoja Dagoretti Corner. Silinda hedi ikachongwa ili mgandamizo uongezeke, ekzosi ikapanuliwa, na taimingi ikawahishwa kutoka digrii 10 hadi 16.

Hapa Nairobi lilikwenda kama mshale. Na sababu ipo. Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti kiko mita 1,798 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho kani ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Hewa ni nyepesi, silinda haijai vizuri, na injini huvumilia cheche iliyowahi. Lakini Desemba moja tulikuwa tukiteremka kwenda harusi Kisauni, na kadiri tulivyoteremka ndivyo hewa ilivyozidi kuwa nzito. Baada ya Mtito Andei, kila tulipopanda kilima, injini ilianza kulia kama sarafu zinazotikiswa ndani ya mkebe. Tulipofika Voi tukatafuta gereji.

Fundi wa Voi alikuwa mtu mzima, mtulivu, mwenye Kiswahili kizuri cha pwani. Hakuwa na taa ya kupimia taimingi, alikuwa na masikio yake. Mpwa wangu akampigia simu fundi wa Dagoretti, naye akasema kwa Kiswahili chetu cha Nairobi: "Mwambie aritadi kidogo tu, kama digrii sita. Ni hewa ya huko imekuwa nzito." Mtandao ulikuwa unakatikakatika na mpwa wangu alikuwa chini ya boneti, kwa hiyo simu ikanifikia mimi. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kuitumikia lugha. Kwa nini nimwambie mzee yule *aritadi*, neno lisilo baba wala mama? Nikamwambia, "Fundi, tafadhali irudishe nyuma digrii sita."

"Nyuma, mwalimu?"

"Naam. Nyuma."

Akalegeza nati mbili, akaishika distribyuta, akaizungusha nyuma. Alifanya nililomwambia. Shida ni kwamba ndani ya distribyuta mna rota inayozunguka, na ukiligeuza boda la nje kinyume cha mzunguko wa rota, yaani nyuma kwa macho ya yeyote anayetazama, rota hulikuta mapema na cheche huwahi. Ukiligeuza kuelekea inakokwenda rota, yaani mbele, cheche huchelewa. Mkono wake ulikwenda nyuma na cheche ikawahi. Tukatoka Voi na digrii 22 badala ya 10.

Injini ikiwa haina mzigo hailii, ndiyo maana pale gerejini sote tulitabasamu. Barabarani ilirudia kelele zake, na kijana akasema labda itatulia. Haikutulia. Kilomita 150 hivi zilizosalia hatukuzimaliza. Karibu na Mariakani moshi mweupe wenye rangi ya buluu ukafuka nyuma yetu, nguvu zikaisha, na harusi tukaingia kwa matatu, tumechelewa kuliko cheche yoyote. Injini ilipofunguliwa, pistoni ya tatu ilikuwa na tundu ambalo kidole changu kilipenya.

Simlaumu fundi wa Voi hata kidogo. Nimelirudia jambo hili kichwani kwa miaka, na mswada huu umenilazimisha kulitolea hukumu. Kosa limo katika maneno *mbele* na *nyuma* yanapotumiwa kwa wakati. Angalia. Mwenyekiti akitangaza kwamba mkutano umesogezwa mbele, sote tunajua utafanyika baadaye. Tunasema siku za mbele, tukiwa na maana ya zijazo. Kwa hiyo kusogeza mbele ni kuchelewesha. Lakini aliye mbele kwenye foleni ndiye anayehudumiwa mapema, na aliyetangulia safarini yuko mbele yetu. Hapo mbele ni kuwahi. Kisha iko saa ya ukutani. Ukiisogeza saa mbele, kengele italia mapema kuliko ilivyokuwa ilie. Matumizi yote matatu ni Kiswahili halali na hakuna mwalimu wa sarufi atakayekukosoa kwa lolote kati yake. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutuokoa. Ndani ya silinda hakuna muktadha. Kuna pistoni inayopanda.

Mtafsiri wa mswada alilifikia neno la Kiingereza lenye maana ya kutangulia au kwenda mbele, akalifasiri kwa uaminifu, na uaminifu huo ndio uliomponza. Mwanafunzi wa Kangemi au Uthiru atakayelisoma agizo lile ana nafasi sawa ya kufanya sahihi na ya kufanya kinyume chake. Kitabu cha kufundishia kikiwa na uwezekano wa nusu kwa nusu, heri mwanafunzi arushe shilingi.

Neno la pili lenye kasoro ni *muda*. Mtafsiri ameita taimingi muda wa mwako. Najua mitaani tumeyachanganya maneno haya mawili, kiasi kwamba mtu husema muda umefika akimaanisha wakati umefika, na mimi mwenyewe husema hivyo nikiwa na haraka. Lakini muda ni urefu: tangu hapa hadi pale. Wakati unaweza kuwa nukta moja. Cheche ya plagi haina muda wa kupangwa na fundi, ina wakati. Kwenye nozeli, kinyume chake, vyote viwili vipo, na hapo ndipo tafsiri hii inapokwama kabisa. Nozeli hufunguka wakati fulani, kisha hukaa wazi kwa muda fulani, labda milisekunde mbili au tatu injini ikinguruma taratibu, zaidi gari likipanda mlima. Wakati ni lini mafuta yaingie, muda ni mafuta kiasi gani. Ukiyaita yote mawili muda, umemnyang'anya mwanafunzi kitu kile kile alichokuja kujifunza. Katika kurasa kumi na moja za sehemu hiyo nimelihesabu neno muda mara 64, na mara 23 kati ya hizo lilipaswa kuwa wakati.

Nikiri kwamba miaka ya nyuma mimi mwenyewe nilipendekeza tuseme *majira ya cheche*. Lilinivutia kwa kuwa katika matumizi ya kale ya wanamaji majira yalikuwa pia mwendo wa chombo baharini, njia kinayoishika, na nilidhani hapo pana ushairi unaofaa mashine. Wenzangu wakanicheka kwa adabu. Walikuwa na haki. Kwa Mkenya wa leo majira ni masika na kipupwe, na plagi haina kipupwe.

Si kwamba mswada wote ni mbovu. Umeandikwa kwa nidhamu, michoro yake ni safi, na mahali pengi mtafsiri ameacha maneno ya gereji yakae: plagi, nozeli, pistoni, gasketi, sensa. Amefanya vyema. Tangu Rajmund Ohly alipochapisha kamusi yake ya istilahi za ufundi kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, Dar es Salaam mwaka 1987, wakati magari mengi barabarani kwetu bado yakitumia kabureta, sisi wasomi tumekuwa na tabia ya kuyaonea haya maneno yaliyokwisha kuzoewa. Tunataka kila kitu kiwe na jina lenye kiambishi ki- na maelezo marefu. Nozeli ni nozeli. Fundi wa Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee wenzangu bado wanaiita Grogan, hatanunua kitumbukiza-mafuta. Hata muuzaji hatajua amtafutie rafu gani.

Lakini kulipokea jina la kifaa ni jambo moja, kutafsiri sifa na tendo ni jambo jingine. Mtafsiri amesema *mchanganyiko tajiri* na *mchanganyiko maskini*. Tajiri wa nini? Anachomaanisha ni kwamba mafuta yamezidi au yamepungua kulingana na hewa. Kipimo chenyewe kinajulikana: petroli na hewa huungua sawasawa kwa uwiano wa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta, kwa uzito. Anayesaka nguvu huongeza mafuta hadi karibu 12.5 au 13 kwa moja, na mwenye taabo hushuka zaidi ya hapo ili mafuta ya ziada yapoze silinda. Yeyote aliyelelewa katika nyumba inayopika uji anayo maneno ya jambo hili: mzito na mwepesi. Unga mwingi, uji mzito, maji mengi, uji mwepesi. Nilimuuliza kijana mmoja wa gereji ya Kawangware kama akisikia mchanganyiko mwepesi ataelewa nini. Akajibu bila kusita, "Mafuta ni kidogo, na engine itachemka." Sikuwa na swali jingine.

Kijana huyo nilikutana naye katika zunguka yangu ya Jumamosi mbili. Nilianzia katikati ya jiji, Kirinyaga na vichochoro vya Ngara, nikapanda matatu za Ngong Road hadi Dagoretti Corner, kisha Kawangware. Nilitaka kusikia kabla ya kuhukumu. Niliyoyasikia yalinifundisha na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Mafundi wa Nairobi wana *advansi* na *ritadi*, na wakizungumza wao kwa wao hawakosei. Pia nilibaini kwamba baadhi ya wanagenzi hulisikia *ritadi* kama linatokana na *kurudi*. Mmoja alinieleza kwa kujiamini kwamba ni kurudisha taimingi, "si unasikia, i-rudi." Akaonyesha kwa mkono, nyuma. Ule mkono wa Voi.

Wenye kompyuta pakato hawagusi distribyuta, kwa sababu magari yao hayanayo. Wao huandika namba kwenye jedwali: mizunguko upande mmoja, mzigo wa injini upande mwingine, na katika kila kijisanduku digrii za cheche. Wanaliita *mapu*. Mswada unaliita ramani. Mimi ningeliita jedwali, maana ndilo, lakini hapo sitagombana na mtu. Kilichonivutia ni jinsi kijana mmoja alivyomweleza mteja wake, mama aliyeleta Subaru Forester: "Hapa inachoma mapema sana, mathe. Nimeichelewesha kidogo." Inachoma mapema. Nimeichelewesha. Hakuna mbele, hakuna nyuma, na mama yule alielewa papo hapo ingawa hakuwahi kuiona pistoni maishani.

Hilo ndilo pendekezo nililomwandikia mchapishaji, nalo halikutoka kwenye dawati langu. *Wahisha cheche. Chelewesha cheche.* Vitenzi viwili anavyovijua kila mtoto aliyewahi kufokewa kwa sababu ya kengele ya shule. Havina uso wala kisogo, kwa hiyo haviwezi kugeuzwa. Uzuri wake mwingine ni kwamba vinatuachia kunyambua: cheche iliyowahi, uwahishaji wa cheche, injini inayochelewa kuwaka. Mwenye kutaka kubaki na advansi na ritadi katika maongezi na abaki nayo, ila katika maandishi yanayomfunza mgeni, wahi na chelewa vitangulie.

Kuna shida moja niliyoshindwa kuitatua, na sitaificha. Ni ile sauti ya sarafu ndani ya mkebe. Mswada unaiita kugonga. Lakini kugonga ni pia kelele ya beringi za krenki zilizokwisha, ambayo ni mlio mzito, kama mtu anayebisha mlango kwa ngumi. Magonjwa haya mawili yana tiba mbali kama mbingu na ardhi. La kwanza linaweza kutibiwa kwa kuchelewesha cheche digrii chache au kutia petroli ya oktani ya juu zaidi. La pili ni kuteremsha injini. Na mitaani tumezidisha mkanganyiko kwa neno *kunoki*. Kiingereza kina neno moja kwa kelele zote mbili, sisi tukalichukua na kulipa maana ya mauti: gari *limenoki* maana yake injini imekufa, tafuta nyingine. Mteja anayeambiwa injini yake inanoki hajui kama anadaiwa dakika kumi za kazi au injini nzima iliyotumika kutoka Japani. Asiye mwaminifu anaweza kuutumia utata huo, na msemaji mwenyewe akawa hajasema uongo.

Nilidhani ninalo jawabu. Kiswahili kina kitenzi *-alika* chenye maana ya kutoa sauti kali na kavu, kama kijiti kinachopasuka motoni, na nomino yake ni mwaliko. Sauti hasa. Nikampelekea fundi wa Dagoretti, yule yule wa mpwa wangu, ambaye sasa ana mvi. Nikamwambia, tuseme injini inaalika.

Alifikiri kidogo, akafuta mikono kwa kitambaa. "Inaalika nani, Prof? Ama bado ni ile harusi ya Kisauni?"

Gereji nzima ikacheka, na mimi pia. Kwa sasa nimeandika *kulia kikavu* kwa tatizo la cheche na *kugonga* kwa beringi, na pembeni nimeweka alama ya kuuliza. Msomaji mwenye neno bora anitumie kupitia kwa mhariri.

Watu wawili wameniuliza kwa nini ninajisumbua, ilhali kijana wa gereji angeweza kusoma kitabu cha Kiingereza. Anaweza, kama anakisoma vizuri. Wengi niliokutana nao walifika gerejini kwa sababu masomo yalikatika njiani, na Kiingereza kilikuwa miongoni mwa yaliyokatika. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na tena lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lugha rasmi isiyoweza kumwambia mtu azungushe distribyuta upande gani ni rasmi ya jukwaani tu. Na mwongozo mbovu wa Kiswahili una hatari kuliko kukosa mwongozo, kwa sababu asiye na kitabu atamuuliza mkubwa wake, ila mwenye kitabu atakiamini.

Juzi nilirudi Dagoretti Corner na ukurasa mmoja niliouandika upya. Nilimwomba mwanagenzi wa pale, kijana wa miezi mitatu kazini, ausome kwa sauti na afanye linalosemwa kwenye injini moja kuukuu iliyowekwa juu ya meza ya kufundishia. Akasoma: legeza nati za distribyuta, unganisha vituo vya TE1 na E1, elekeza taa ya taimingi, kisha chelewesha cheche digrii nne. Akasimama akiishika distribyuta. Akaizungusha taratibu huku akitazama alama kwenye puli chini ya mwanga wa taa, akaona inaelekea isikotakiwa, akaigeuza mwenyewe bila kuambiwa. Fundi akaniangalia na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha kijana akaweka kidole kwenye karatasi. "Lakini hizi digrii, mzee, ni za joto ama ni za kona?"

Nimemwandikia mchapishaji aniongezee wiki mbili.